Charles Drew: damu haiulizwi kabila, inapimwa

Kila mwaka, tarehe 14 Juni, dunia inashukuru watu wenye kutoa damu. Ile tarehe ilichaguliwa juu njo siku alizaliwa Karl Landsteiner, munganga wa Vienna mwenye alionyesha mu mwaka wa 1901 kama damu za watu ziko na grupu mbalimbali. Jina lake wanafunzi wanalikuta mu vitabu. Lakini kuko mutu mwingine mwenye wafanyakazi wa Katanga wanapashwa kujua maisha yake, na leo tunataka kuyaeleza: Charles Richard Drew, munganga mweusi wa Marekani. Yeye hakugundua grupu za damu. Kazi yake ilikuwa kupanga: namna ya kukamata damu ya maelfu ya watu, kuichunga, kuipima na kuituma mbali bila kumupelekea mugonjwa ugonjwa mupya.

Sisi watu wa sendika ya migodi tuko na sababu mbili za kumukumbuka. Ya kwanza: kwetu damu si mambo ya vitabu tu. Jiwe likianguka, ao mashine ikimukamata mutu mukono, ni dakika chache zinaamua kama atarudi nyumbani. Ya pili: Drew alikuwa mutoto wa mufanyakazi, tena mutoto wa mutu wa sendika.

Mutoto wa fundi

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1904 kule Washington, muji mukuu wa Marekani. Baba yake, Richard, alikuwa fundi wa kutandika mazulia mu manyumba na mu maofisi. Ndani ya sendika ya mafundi wa ile kazi, Richard njo alichunga hesabu ya feza, na alikuwa mweusi peke yake kati yao. Fikirini kidogo, ndugu zetu. Wale wazungu walimwamini na feza yao, lakini mu ule muji watoto wake hawakuwa na ruhusa ya kusoma ku shule moja na watoto wao.

Mama yake, Nora, alisomea ualimu. Charles alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Mu mwaka wa 1920 dada yake Elsie, mwenye alikuwa tayari na kifua kikuu, alikufa na ule mafua makali yenye yalizunguka dunia nzima. Charles alikuwa hajatimiza miaka kumi na sita. Kile kifo kilimufanya aanze kuwaza kazi ya uganga, hata kama wakati ule watu walimujua zaidi kwa mbio na mupira.

Juu ya ule muchezo njo alipata njia ya kuendelea na masomo. Alimaliza shule ya Dunbar mu 1922, akapewa musaada wa feza kwenda ku Amherst College, akatoka kule mu 1926. Kusomea uganga kulihitaji feza nyingi, na yeye hakuwa nazo. Kwa miaka miwili alifundisha biolojia na kemia ku Morgan College, kule Baltimore, na kuongoza michezo ya wanafunzi, akichunga mushahara wake kidogo kidogo. Ku Marekani, shule za uganga zenye kupokea watu weusi zilikuwa za kuhesabu. Ile ya Howard, ya weusi, haikumupokea juu alikosa masomo fulani ya Kiingereza. Akavuka mupaka, akaenda Canada, ku chuo kikuu cha McGill, Montreal, mu 1928. Mu 1933 alimaliza, akiwa wa pili kati ya wanafunzi 137.

Kule McGill alikutana na mwalimu Mwingereza, John Beattie, mwenye alikuwa anajifunza mambo ya kutia watu damu. Urafiki wao ulidumu, na miaka saba mbele ulikuwa na faida kubwa.

Damu inaweza kungoja?

Ili kuelewa kazi ya Drew, inafaa kujua namna mambo yalikuwa. Zamani, mugonjwa akihitaji damu, ilikuwa lazima mutoaji alale karibu yake, damu ipite moja kwa moja. Ikikaa inje, inaganda. Mu mwaka wa 1914, munganga mumoja wa Bruxelles, Albert Hustin, alionyesha kama ukichanganya damu na dawa yenye kuitwa sitrate, haigandi. Sasa damu iliweza kuingia mu chupa. Kisha Warusi wakaanza kuichunga ku baridi, na mu 1937 Bernard Fantus akafungua banki ya damu mu hospitali moja ya Chicago.

Lakini banki yenyewe ilikuwa na shida. Damu mu chupa inazeeka. Siku ngapi? Mu chupa ya namna gani? Ku baridi gani? Watu walikuwa wanafanya kila mumoja kivyake.

Kisha kifo cha baba yake mu 1935, Drew alirudi Washington, akafundisha ku Howard, ile shule yenye haikumupokea. Mu 1938 akapewa feza ya kujifunza zaidi ku chuo kikuu cha Columbia, New York. Pale akatumika na munganga John Scudder, na mu Agosti 1939 wakafungua banki ya damu ya kujaribu ku Presbyterian Hospital. Drew alipima kila kitu: dawa ya kuzuia damu isigande, umbo la chupa, baridi, hata namna damu inatikiswa mu safari. Aliona kama damu nzima inaharibika kisha siku chache. Lakini plazma, ni kusema yale maji ya manjano yenye kubaki ukitosha chembe nyekundu, inachungika wakati murefu zaidi. Tena, wakati ule, plazma ya watoaji wengi yenye kuchanganywa pamoja iliweza kupewa mugonjwa bila kutafuta kwanza grupu yake. Yote aliyaandika mu kitabu chake cha udokta cha 1940 juu ya damu ya banki. Alikuwa mutu mweusi wa kwanza kupata ile diplome ya udokta ku Columbia.

Mu ile miaka njo alioa Lenore Robbins, mu Septemba 1939. Walizaa watoto wane. Mutoto wao wa kwanza, binti, walimupa jina la kumubembeleza, Bebe, kutokana na zile herufi mbili B.B. zenye kuanza maneno ya Kiingereza ya banki ya damu. Kazi ilikuwa imeingia mupaka mu nyumba.

Plazma ya kwenda Uingereza

Mu mwaka wa 1940 ndege za Wajeremani zilikuwa zinatupa mabomu mu miji ya Uingereza. Damu ilihitajiwa sana. Waganga wa New York wakaanza mu Agosti kukusanya damu, kutosha plazma na kuituma kule. Roho yao ilikuwa nzuri, lakini hospitali moja ilifanya hivi, nyingine vile. Mikrobi iliingia mu machupa. Plazma yenye kuingia mikrobi si dawa tena: ni sumu yenye unatia mutu mu mushipa.

Njo pale waliitafuta Drew. Ku upande wa Uingereza, ule mwalimu wake Beattie alikuwa kati ya wale wenye kungojea ile plazma. Drew akawekwa kuwa kiongozi wa kazi yote upande wa uganga, na akafanya kile tunakiita mu kazi yetu kanuni ya usalama. Hospitali zote zikafuata njia moja. Mutoaji anapimwa kwanza: joto la mwili, nguvu ya damu, na sifilisi. Damu inatoka mu mukono na kuingia mu chupa bila kuguswa na hewa ya chumba. Wenye kuitosha wanafundishwa kwanza. Plazma inapimwa mikrobi mara mingi, na haipandi mu mashua mupaka labo itoe ruhusa. Mutu hawezi kupitisha chupa juu ana haraka ao juu shefu anamusukuma.

Ile kazi iliisha mu Januari 1941. Watu 14 556 walikuwa wametoa damu, na litre zaidi ya 5 000 za plazma zilikuwa zimevuka bahari. Kisha Msalaba Mwekundu wa Marekani ulimuomba Drew asaidie kupanga kazi ya namna ile kwa ajili ya majeshi ya inchi yenyewe. Ni mu ile wakati makamio yenye frigo yalianza kufuata watoaji pale wako, badala ya kungoja waje ku hospitali. Leo ukiona motokari ya kukusanya damu imesimama karibu na shule ao mbele ya kanisa, kumbuka ilikotoka.

Walikosea ku etiketi

Sasa tunafika ku mambo yenye kuumiza. Mu Aprili 1941 Drew alirudi Howard, akiwa amepita mutihani mukubwa wa waganga wa kupasua. Watu wengi wanaeleza kama aliacha Msalaba Mwekundu kwa kukasirikia ubaguzi. Haiko vile. Alitoka mbele. Ni kisha yeye kutoka, mwisho wa ule mwaka, njo Msalaba Mwekundu, kwa kufuata majeshi, ulianza kukatalia weusi kutoa damu. Watu walipolalamika, mu Januari 1942 wakabadilisha kidogo: damu ya weusi itapokelewa, lakini itawekwa kando, na ku chupa itaandikwa rangi ya mutoaji, kusudi muzungu asitiwe damu ya mweusi.

Ule mutu mwenye alipanga njia ya kuchunga damu ya majeshi, damu yake mwenyewe ingetengwa mu banki yenye alisaidia kuanzisha.

Drew hakunyamaza. Mbele ya watu wengi, hata siku alipokea medali ya Spingarn mu 1944, alieleza kama hakuna labo hata moja duniani yenye inaweza kutofautisha damu ya mweusi na ya muzungu. Kuko grupu A, B, AB na O, na zote ziko mu kila taifa. Muzungu wa grupu O anaweza kusaidiwa na mweusi wa grupu O, na ndugu yake wa tumbo moja, mwenye grupu nyingine, anaweza kumuua.

Lakini tunataka wasomaji waone jambo lingine, lenye halisemwi sana. Wakati wakubwa wa Marekani walikuwa wanaandika rangi ku machupa, hatari ya kweli ilikuwa inapita mbele ya macho yao. Plazma ya watoaji wengi ilichanganywa pamoja. Kama mumoja kati yao alikuwa na epatiti, ule ugonjwa wa maini, aliiharibu yote. Kulikuwa hakuna kipimo cha kuiona. Mu 1942 askari wa Marekani karibu 50 000 walilala mu hospitali na macho ya manjano, kisha kupewa chanjo ya homa ya manjano yenye ilitengenezwa na maji ya damu ya watu. Mu ile damu njo epatiti ilikuwa. Haikuuliza mutu kama ni muzungu ao mweusi.

Hii njo fundisho kubwa ya maisha ya Drew. Ukiweka nguvu ku kuogopa mutu, unasahau kuogopa ugonjwa. Etiketi ya rangi ilipoteza damu, ilipoteza wakati, ilitukana watu, na haikulinda mugonjwa hata mumoja. Vyenye kulinda ni mikono safi, chupa safi, baridi, na kipimo.

Mwalimu wa waganga

Ku Howard, Drew aliongoza kazi yote ya kupasua kwa karibu miaka kumi. Aliona kama hotuba peke yake haitoshi. Kusudi mutu mweusi aheshimiwe mu hospitali, ni lazima ajue kazi kuliko wote. Basi alifundisha vijana kwa ukali na kwa upendo, na wengi kati ya waganga weusi wa kupasua wa ile miaka walipita mu mikono yake. Yeye mwenyewe aliitwa kupima waganga wa inchi nzima mu mitihani ya kupasua. Lakini chama kikubwa cha waganga wa Marekani kilikuwa kinakatalia weusi wengi, juu kule kusini vikundi vya mikoa njo vilifungua mulango, na weusi hawakuweza kupita pale. Drew aliwaandikia barua mu 1947 kuwaonyesha ile haya. Hawakubadilika yeye akiwa muzima.

Kifo chake, na ukweli

Usiku wa kuingia tarehe 1 Aprili 1950, Drew alitoka Washington mu motokari na waganga wengine watatu. Walikuwa wanaenda Tuskegee, mu jimbo la Alabama, kutibu watu bure, sawa alizoea kufanya kila mwaka. Alikuwa ametumika siku nzima. Asubuhi, karibu na Burlington, North Carolina, usingizi ulimukamata ku usukani. Motokari ilipinduka. Alikuwa na miaka 45.

Watu walianza kusema kama hospitali ya wazungu ilimufukuza, kama yeye mwenye alipanga damu alikufa juu walimunyima damu. Ile habari imezunguka dunia. Ni habari yenye nguvu, na mupiganaji yeyote wa haki angependa kuitumia. Lakini haiko ya kweli. Walimupeleka ku Alamance General Hospital, waganga wazungu walimupokea na kujaribu kumuokoa. Vidonda vilikuwa vikubwa sana. Wale waganga weusi wenye walikuwa naye mu motokari njo walishuhudia.

Sababu gani basi watu wengi waliamini? Juu mambo ya namna ile yalifanyika kweli kwa wengine. Mu Desemba ya ule mwaka, mu lile jimbo, kijana mweusi mwanafunzi aliumia mu motokari, hospitali kubwa moja ikamukatalia kitanda juu vitanda vya weusi vilikuwa vimejaa, na akafa. Kile kilimupata kijana bila jina kubwa, watu walikiweka ku jina la Drew. Sisi tunaona ni vizuri kusema kila jambo namna lilikuwa. Haki iko na mashahidi wa kutosha, haihitaji kuongezewa uongo.

Mu Desemba 1950, miezi minane kisha kifo chake, Msalaba Mwekundu uliacha kuandika rangi ku damu. Mu jimbo la Louisiana sheria ya kutenga damu ilibaki mupaka 1972.

Na sisi huku?

Kazi ya kutafuta ugonjwa mu damu iliendelea. Mu miaka ya 1960 Baruch Blumberg aligundua alama ya epatiti B mu damu, akapewa Nobel mu 1976. Kipimo cha virusi vya sida kilipatikana mu 1985. Epatiti C ilijulikana mu 1989. Mbele ya zile tarehe, watu wengi mu inchi zenye feza na mu inchi maskini walitiwa ugonjwa mu chupa ya kuwaponesha.

Congo ilionja vile. Utafiti wenye ulifanywa ku hospitali Mama Yemo ya Kinshasa na kutolewa mu 1988 ulionyesha njia yenyewe: mutoto anapata malaria, malaria inamumalizia damu, wanamutia damu kusudi asikufe, na virusi vya sida vinaingia pamoja na ile damu. Malaria haikuleta sida. Ni damu yenye haikupimwa njo iliileta. Ile kazi ya watafiti ilisaidia watu waelewe mambo mawili: kila chupa ipimwe, na mutoto asitiwe damu kama anaweza kupona bila damu.

Leo kanuni ni kupima kila damu mambo mane: VIH, epatiti B, epatiti C na sifilisi. Lakini kipimo nacho kiko na mupaka. Mutu mwenye amepata virusi siku hizi hizi anaweza kupimwa na visionekane bado. Njo maana waganga wanapenda mutoaji wa kujitolea, mwenye anarudi mara kwa mara, mwenye anajibu maulizo bila kuficha. Mutu mwenye kuuza damu ataficha, juu anataka feza. Ndugu mwenye kusukumwa na familia ku mulango wa hospitali anaweza naye kuficha, juu ana haya mbele ya wakwe. Si mubaya, lakini haya yake inaweza kumuua mugonjwa.

Kuko wenye kuuliza kama ni vizuri kutiwa damu ya mutu wa kabila lingine. Maisha ya Drew yanajibu. Mu mugodi tunashuka pamoja, Mulubakat na Mukasai, Musanga na Mubemba, na jiwe halichague. Ulizeni grupu. Ulizeni kama imepimwa ile mambo mane. Ulizeni ilichungwa ku frigo yenye haikukosa umeme. Kabila, achene.

Kwa wandugu wenye kukaa mu komite ya usalama na usafi wa kazi, tunaomba kitu kimoja. Mu mukutano wenye kuja, mbele ya kuongea juu ya kofia na viatu, andikeni ili jambo ku karatasi: mutu akiumia leo usiku, damu itatoka wapi, nani ameipima, na itafika kisha dakika ngapi? Kompani ijibu kwa maandishi. Na sisi wazima, wenye mikono miwili, tuende kutoa damu mbele musiba haujafika. Drew hakujua majina ya Waingereza wenye walipokea plazma yake. Alijua tu kama kila chupa ilikuwa safi.